Klachi ya trekta kuukuu: jua ugonjwa kabla ya kufungua

Klachi ndiyo inayounganisha injini ya trekta na giaboksi, na ndiyo inayozitenganisha. Dereva akikanyaga pedali, nguvu ya injini hukatika isifike kwenye magurudumu. Akiachia, nguvu hurudi. Trekta likiwa shambani, kazi hiyo hurudiwa kutwa nzima: kila mwisho wa mstari, kila gia inapobadilishwa, kila trekta linaporudi nyuma kwenye kona ya shamba. Kwa sababu hiyo klachi huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine nyingi za trekta, na kwa sababu hiyo hiyo husingiziwa makosa ambayo si yake.

Katika Kaunti ya Lamu jambo hili lina uzito wa pekee. Visiwani, yaani Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, mizigo mingi ni ya punda, mashua na majahazi. Upande wa bara mambo ni mengine. Kuanzia Hindi na Mkunumbi hadi Mpeketoni, Hongwe na Witu kuna mashamba ya mahindi, pamba, simsim, kunde, mikorosho na miembe. Eneo la Mpeketoni, kando ya Ziwa Kenyatta, lilianza kugawiwa walowezi na serikali miaka ya mwanzo ya 1970, na tangu hapo kilimo cha bara ya Lamu kimekuwa cha wakulima wengi wenye mashamba madogo. Mkulima wa namna hiyo hanunui trekta. Hulikodi kwa ekari. Trekta moja likisimama kwa ajili ya klachi, wanaokwama si mwenye trekta peke yake bali wote waliokuwa wakisubiri zamu.

Vipuri navyo havipo jirani. Pleti mpya ya klachi kwa kawaida hutafutwa Mombasa, safari ya kama kilomita 300 kutoka Mpeketoni kupitia Witu, Garsen na Malindi. Fundi akiagiza kipuri kisicho chake, au akifungua trekta kumbe kasoro ilikuwa ni pini ya pedali iliyolika, siku za kulima zinapotea na fedha zinapotea. Hivyo kazi ya kwanza ya fundi wa klachi ni kuchunguza, na spana hufuata baadaye.

Jinsi klachi inavyoshika na kuachia

Matrekta madogo ya zamani yanayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni ya ukoo wa Massey Ferguson 35 na 135, pamoja na Ford 3000. Massey Ferguson 135 lilianza kuundwa mwaka 1964, na Ford 3000 liliundwa kati ya mwaka 1965 na 1975. Nguvu zake ni za farasi kati ya 35 na 50 hivi, na klachi zake hufanya kazi kwa njia moja.

Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye krenki. Nyuma ya flaiwili kuna pleti ya klachi, sahani nyembamba yenye lainingi pande zote mbili, ambayo mara nyingi hushikizwa kwa ribiti. Katikati ya pleti kuna tundu lenye meno linaloingia kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Nyuma ya pleti kuna presha pleti, ambayo husukumwa na springi kali. Springi hizo huibana pleti ya klachi kwenye flaiwili, na vyote hivyo huzunguka kwa pamoja.

Pedali ikikanyagwa, rodi huvuta mkono ulio nje ya nyumba ya klachi. Mkono huzungusha uma ulio ndani, uma husukuma beringi ya klachi, na beringi hukandamiza vidole vya presha pleti. Vidole huirudisha presha pleti nyuma, na pleti ya klachi hubaki huru. Injini huendelea kuzunguka huku shafti ya giaboksi ikisimama.

Mpango huu una pande mbili tu: kushika na kuachia. Ili ishike, klachi inahitaji lainingi nene na kavu, springi zenye nguvu, na beringi isiyogusa vidole mguu ukiwa nje ya pedali. Ili iachie, inahitaji mwendo kamili wa pedali, pleti iliyonyooka, na meno ya shafti yasiyo na kutu. Karibu kila ugonjwa wa klachi ni upungufu wa upande mmoja kati ya hizo mbili, na fundi anayejua ni upande upi umepungua ameshafika nusu ya kazi.

Ugumu uko katika kuifikia. Tangu Fordson Model F ya mwaka 1917, matrekta mengi madogo hayana chasisi. Injini, nyumba ya klachi, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungwa kwa bolti, na zenyewe ndizo uti wa mgongo wa trekta. Kuiona klachi kwa macho ni lazima trekta litenganishwe vipande viwili, na hiyo ni kazi ya watu kadhaa yenye hatari zake. Kwa hiyo kila dalili inayoweza kusomwa kutoka nje inapaswa kusomwa kwanza.

Mzigo wa kaskazi, kutu ya kusi

Katika bara ya Lamu, mashamba huandaliwa zaidi miezi ya kaskazi, kati ya Januari na Machi, kabla ya masika kuingia mwezi wa Aprili. Wakati huo ardhi ni kavu. Mahali pengine ni mchanga unaozamisha magurudumu, mahali pengine ni udongo mzito uliokauka na kupasuka. Plau ya diski huvutwa kwa shida, dereva huichezea klachi kila mara ili injini isizime, na lainingi hupata moto. Klachi zinazoteleza hujitokeza msimu huu.

Kazi ya kulima ikiisha, matrekta mengi hufungwa trela na kubeba mavuno, mbao, mchanga na mawe ya kujengea, mengine hulala. Trekta linalolala miezi kadhaa chini ya mti, karibu na bahari, katika mvua na unyevu wa kusi, hupata kutu ndani ya nyumba ya klachi. Pleti hushikana na flaiwili, meno ya shafti hukauka, pini za pedali hukaza. Klachi zisizoachia hujitokeza trekta linapoamshwa tena.

Swali la kwanza la fundi mzoefu kwa hiyo ni hili: trekta lilikuwa likifanya nini kabla ya kuharibika? Klachi iliyokufa kazini na klachi iliyokufa usingizini zina magonjwa tofauti, hata kama mwenye trekta anasema tu kwamba "klachi imeisha".

Uchunguzi huanzia kwenye pedali

Injini ikiwa imezimwa, pedali husukumwa kwa mkono, si kwa mguu. Mwanzoni inapaswa kwenda kwa wepesi bila upinzani wowote zaidi ya springi yake ya kuirudisha. Baada ya hapo uzito huingia ghafla, kwa sababu beringi imegusa vidole vya presha pleti. Ule mwendo mwepesi wa mwanzo ndio nafasi huru ya pedali. Katika matrekta mengi madogo ya zamani huwa kama sm 2 hadi 3 ukipima kwenye kikanyagio, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha trekta lenyewe.

Nafasi hiyo husema mengi. Lainingi ikilika, presha pleti husogea mbele kuifuata, na vidole vyake hurudi nyuma kuelekea kwenye beringi. Kwa hiyo jinsi klachi inavyochakaa ndivyo nafasi huru inavyopungua, wala haiongezeki. Pedali iliyokuwa na mwendo mwepesi na sasa inakaza tangu mwanzo inaonya kwamba beringi inagusa vidole wakati wote, na springi hazibani tena kwa nguvu yake yote. Trekta kama hilo huteleza, na beringi yake huungua. Mara nyingi dawa ni kurekebisha rodi kwa spana mbili, kazi ya dakika chache. Lakini rodi ikiwa imeshafika mwisho wa nyuzi zake na nafasi bado haipatikani, lainingi imekwisha.

Nafasi ikiwa kubwa kupita kiasi, tatizo liko upande mwingine. Pini zimelika, matundu yamekuwa na umbo la yai, rodi imepinda, au ufunguo unaoshika mkono kwenye shafti ya uma umekatika. Mtu mmoja akanyage pedali polepole na mwingine alale kando ya trekta atazame. Kila kiungo kinapaswa kuanza kusogea mara kile cha kabla yake kinaposogea. Palipo na kusita ndipo palipolika. Pedali ikienda mpaka chini na mkono wa nje usogee kidogo tu, hakuna haja ya kufungua trekta. Pini mpya na washa zake zinatosha. Mkono wa nje ukisogea vizuri huku ndani hakuna badiliko lolote, basi uma au ufunguo wake umeachia.

Klachi inayoteleza

Dalili yake ni injini kupanda mlio huku trekta halipandi mwendo. Huanza kwenye gia kubwa, kwenye kilima au plau inapozama, kisha huenea hadi kwenye gia ndogo. Harufu kali ya lainingi iliyoungua hufuata.

Kabla ya kuihukumu klachi, yafaa kutazama gurudumu la nyuma. Plau ikizama kwenye mchanga wa Hindi au Mpeketoni, mambo matatu yanaweza kutokea, na dereva aliye kitini huyasikia kwa namna zinazokaribiana. Gurudumu likizunguka na kuchimba shimo huku trekta limesimama, klachi ni nzima, tatizo ni mshiko wa matairi. Injini ikizama sauti, ikatoa moshi mweusi na kukaribia kuzima, klachi ni nzima pia; inashika mpaka injini imeshindwa, na kosa ni mzigo au nguvu ya injini. Injini ikipanda mlio na gurudumu likasimama au likazunguka polepole, hapo klachi inateleza.

Kipimo cha kuthibitisha ni kifupi. Trekta liwe mahali tambarare, pasiwe na mtu mbele wala nyuma, breki za magurudumu yote mawili zifungwe kwa pamoja. Dereva aweke gia kubwa, apandishe injini kidogo, kisha aachie pedali polepole. Klachi nzuri huizima injini mara moja. Klachi mbovu huiacha injini iendelee kunguruma. Kipimo kifanywe mara moja tu na kwa sekunde chache, kwa sababu kila sekunde ya kuteleza huunguza lainingi iliyobaki na kuchoma uso wa flaiwili.

Klachi ikithibitika kuteleza, sababu hufuatana kwa mpangilio wa gharama. Ya kwanza ni nafasi huru iliyopotea, ambayo tiba yake ni kurekebisha. Ya pili ni oili kwenye lainingi. Ya tatu ni lainingi iliyolika hadi karibu na vichwa vya ribiti. Ya nne ni springi za presha pleti zilizolegea kwa joto. Ya tano ni flaiwili iliyolika na kupata mabonde. Ya kwanza hutambuliwa kwa mkono, ya pili kwa jicho kupitia tundu lililo chini ya nyumba ya klachi. Zile tatu za mwisho ndizo ambazo kuzithibitisha kunahitaji kutenganisha trekta.

Tone la oili chini ya trekta

Chini kabisa ya nyumba ya klachi, katika matrekta mengi ya Kiingereza ya zamani, kuna tundu dogo. Mara nyingi ndani yake huning'inia pini nyembamba iliyogawanyika miguu miwili. Haikuwekwa kushikilia kitu. Kazi yake ni kutikisika trekta linapokwenda ili tundu lisizibwe na matope. Ikipotea, tundu huziba, na oili au maji yaliyoingia hukosa njia ya kutoka na kurushwa kwenye lainingi.

Tundu hilo ni dirisha la fundi. Likizibuliwa na kutoka vumbi kavu la kijivu, lainingi ni kavu. Likitoka tone, tone lipokewe kwenye kidole au karatasi nyeupe. Oili ya injini ya dizeli iliyotumika huwa nyeusi ti, nyepesi, na huacha doa la masizi. Oili ya giaboksi huwa nzito zaidi na ya rangi ya asali au kahawia, na aghalabu ina harufu kali. Ya kwanza inamaanisha kwamba sili ya nyuma ya krenki imekwisha. Ya pili, sili ya shafti ya giaboksi. Likitoka maji yenye kutu, trekta limevuka maji yenye kina au limelala kwenye mvua.

Tofauti hii ina faida yake katika kuagiza vipuri. Kubadilisha pleti bila kubadilisha sili iliyovuja ni kutupa pleti mpya. Anayejua oili imetoka wapi huagiza sili sahihi pamoja na pleti, kwa safari moja ya Mombasa badala ya mbili.

Klachi isiyoachia

Hapa pedali imekanyagwa hadi chini lakini nguvu haikatiki. Gia hukwaruza zikiingia, au trekta huendelea kutambaa. Hitilafu hii ni ya hatari kuliko kuteleza, kwa sababu dereva aliyezoea kusimamisha trekta kwa klachi hujikuta hana namna ya kulisimamisha.

Kipimo chake kinataka subira. Gia za matrekta haya ya zamani hazina msaada wa kulinganisha mwendo, kwa hiyo mkwaruzo mdogo wa haraka si ushahidi. Injini ikiwa katika mlio wa chini na trekta likiwa huru, pedali ikanyagwe hadi mwisho na kushikiliwa sekunde kama tano, ili pleti ipate muda wa kusimama. Kisha gia ya nyuma iingizwe taratibu. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikikwaruza baada ya kusubiri, shafti bado inazunguka na klachi haikati.

Kuna jambo la kuondoa kwanza. Injini izimwe kabisa na gia zijaribiwe tena, huku gurudumu likisogezwa kidogo ikiwa meno hayajalingana. Zikiwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa, kosa liko kwenye wenzo wa gia au ndani ya giaboksi, na klachi haina hatia.

Sababu za klachi kutoachia ni nafasi huru iliyozidi, viungo vilivyolika, pleti iliyopinda kwa joto, lainingi iliyobanduka na kukwama, vidole visivyolingana kimo, meno ya shafti yenye kutu, na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyoganda. Hiyo ya mwisho huwachanganya wengi. Beringi hiyo hubeba ncha ya mbele ya shafti ya giaboksi. Ikiganda, flaiwili huivuta shafti moja kwa moja, hata kama pleti iko huru kabisa. Fundi hurekebisha pedali mara kumi bila mafanikio, kwa kuwa tatizo haliko kwenye pedali.

Klachi iliyoganda kwa kutu

Trekta lililolala msimu mzima huwa na ugonjwa wake. Injini inawaka vizuri, pedali ina uzito wake wa kawaida, mkono wa nje unasogea, lakini gia haziingii kabisa. Pleti imegandamana na flaiwili kwa kutu. Lainingi inaweza kuwa bado nene.

Kabla ya kufungua, klachi ya namna hii hustahili kujaribiwa. Injini huwashwa na kuachwa ipate moto kamili, kwa kuwa joto husaidia kuachanisha vyuma. Kisha pedali hukanyagwa na kuzuiwa chini kwa gongo la mbao, na trekta huachwa hivyo usiku kucha. Wakati mwingine asubuhi pleti huwa imejiachia.

Njia ya pili ni ya hatari na inataka uwanja mpana usio na watu, mifugo wala miti, na breki zilizothibitishwa kuwa nzima. Trekta huwashwa likiwa tayari kwenye gia kubwa, dereva akiwa kitini na pedali imekanyagwa chini. Litaondoka pale pale. Dereva huongeza mwendo na kupunguza kwa ghafla, akigusa breki, mpaka pleti ibanduke. Kitu pekee cha kulisimamisha likikataa ni kuzima injini, kwa hiyo waya wa kuzimia injini ukaguliwe kabla. Asiwepo mtu yeyote anayewasha trekta akiwa amesimama chini. Trekta lenye klachi iliyoganda likiwa kwenye gia humpanda aliye mbele ya gurudumu. Breki zisipoaminika, njia hii iachwe na trekta lifunguliwe.

Kutetemeka na kelele

Trekta linalotetemeka pedali inapoachiwa, kisha likatulia, lina klachi inayoshika na kuachia kwa vipande. Chanzo ni oili kidogo kwenye lainingi, madoa ya joto kwenye flaiwili, springi ndogo za pleti zilizovunjika, au vidole visivyolingana. Bolti za kushikilia injini na giaboksi zikaguliwe kwanza, kwa sababu zikilegea hutoa mtetemo wa namna hiyo.

Kelele hutambuliwa kwa wakati wake. Ikianza pale pedali inapogusa uzito na kunyamaza mguu ukiondoka, ni beringi ya klachi. Ikisikika mguu ukiwa nje ya pedali na trekta likiwa huru, kisha ikatoweka pedali inapokanyagwa, ni beringi ya shafti ndani ya giaboksi, kwa kuwa shafti hiyo huzunguka klachi inaposhika na kusimama inapoachia. Ikisikika pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini na gia imeingizwa, ni beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, ambayo wakati huo ndipo hasa inapofanya kazi. Beringi tatu, nyakati tatu. Sikio makini huokoa kufungua kusiko na sababu.

Trekta lenye klachi mbili

Baadhi ya matrekta haya, likiwemo Massey Ferguson 135 la aina fulani, yana pleti mbili ndani ya klachi moja. Pedali ikikanyagwa nusu, magurudumu husimama lakini shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine, ile ya mizunguko 540 kwa dakika, huendelea. Ikikanyagwa hadi mwisho, nayo husimama. Katika ukoo huu wa Massey Ferguson, pampu ya haidroliki huendeshwa kwa njia hiyo ya pili.

Hapo ndipo makosa ya uchunguzi yanapozidi. Plau ikikataa kunyanyuka, wengi huilaumu pampu, kumbe inaweza kuwa pleti ya pili inateleza. Jibu hupatikana kwa kufunga mashine yenye mzigo, kama ya kupukuchulia mahindi, na kuitazama shafti ya nyuma kutoka mbali. Ikipungua mwendo huku injini inapanda mlio, klachi ndiyo yenye kosa. Ikizunguka kwa nguvu zote na plau bado hainyanyuki, ni haidroliki. Shafti hiyo haikaribiwi wala kuguswa inapozunguka. Hunasa kanzu, shuka au leso kwa kufumba na kufumbua, na mtu pamoja nayo.

Katika trekta lenye pleti moja, pedali ikikanyagwa, magurudumu, shafti ya nyuma na pampu vyote husimama kwa pamoja. Hilo ni umbile lake, si ugonjwa, ingawa aliyezoea trekta la klachi mbili hulidhania bovu.

Inapobidi kufungua

Uchunguzi ukionyesha lainingi imekwisha, oili imeingia au beringi ya ndani imekufa, trekta litenganishwe. Sakafu iwe ngumu na tambarare, si mchanga. Kabari za mbao zigongwe kati ya ekseli ya mbele na kishikio cha injini pande zote mbili, kwa sababu ekseli hiyo hucheza kwenye pini moja, na nusu ya mbele ikibaki peke yake huweza kupinduka. Nusu ya nyuma ikae juu ya magogo au stendi, si juu ya jeki peke yake.

Vumbi la klachi kuukuu halipulizwi kwa hewa. Lainingi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto, ambayo husababisha maradhi ya mapafu miaka mingi baadaye. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kitupwe.

Kwa kuwa kazi kubwa ni ya kutenganisha, si ya kufunga pleti, vitu vidogo vibadilishwe vyote mara moja: pleti, beringi ya klachi, beringi ya katikati ya flaiwili, na sili zote mbili. Presha pleti ikiwa na madoa ya bluu ya joto au springi zilizopungua urefu, nayo ibadilishwe. Flaiwili yenye mabonde ipelekwe ikachongwe kwenye karakana ya mashine. Pleti mpya ielekezwe katikati kwa shafti ya kuongozea kabla ya kukaza bolti, la sivyo nusu mbili hazitaingiana. Vidole vipimwe hadi kimo chao kilingane kwa kipimo cha kitabu. Meno ya shafti yasafishwe na kupakwa grisi kidogo sana. Ikizidi hurushwa kwenye lainingi.

Kazi ya Disemba

Klachi haidumu kwa uzuri wa kipuri pekee. Mguu usiwekwe juu ya pedali wakati wa kulima. Mzigo upunguzwe badala ya kuichezea klachi. Tundu la chini lizibuliwe kila baada ya kuvuka matope. Trekta linapolala miezi ya mvua, pedali izuiwe chini kwa mbao ili pleti isigandamane na flaiwili, na liwekwe chini ya paa.

Kwa bara ya Lamu, mwezi wa kufanya ukaguzi wote huu ni Disemba, kabla plau hazijaingia shambani. Nafasi huru ya pedali, pini, tundu la chini, kipimo cha breki na kipimo cha gia ya nyuma havidai zaidi ya asubuhi moja na spana chache. Kasoro ikionekana wakati huo, kuna muda wa kwenda Mombasa na kurudi. Ikionekana Machi, mawingu ya masika yakiwa yamekaribia, hakuna. Mwenye trekta asiridhie lifunguliwe mpaka fundi amweleze ni dalili gani iliyomfikisha hapo.